Meza ya Masara

Kazi yangu ni kuchunguza jinsi kazi inavyoumiza mwili. Pale kwenye machimbo ya Masara wanawake huketi chini, miguu wameinyoosha, wakiponda mawe ya dhahabu kwa nyundo kutwa nzima. Wakiinuka, migongo hainyooki. Niliwapima, kisha fundi wa Suna akanitengenezea meza ya kupondea, ndefu, inayofika kiunoni.

Asubuhi niliyoileta, shimo liliporomoka likamfukia mchimbaji mmoja. Wenzake walipomtoa alikuwa ameshakufa. Machela haikuwepo. Waliitazama meza yangu, wakaing'oa miguu kwa nyundo zilezile za wanawake, wakamlaza juu yake na kumbeba hadi barabarani.

Kesho yake niliirudisha, nikaipigilia miguu. Hakuna mwanamke aliyeisogelea.

"Injinia, hapo pamelala maiti," mama mmoja akaniambia. "Hatuwezi kutafutia watoto chakula juu yake."

Akaketi chini, akanyoosha miguu, akashika nyundo.

Jioni bosi wangu akapiga simu kutoka Nairobi kuuliza kama vipimo vya meza vilikuwa sawa. Nikamwambia ndiyo, inamtosha mtu mzima, toka utosini hadi unyayoni.