Mikono ya Mzee Randa

Kuna watu ukiwapa kitu wakushikie, wao wanakirekebisha. Kaka yake Fundi Picha alikuwa wa kundi hilo, na bahati yake siku ile huyo dada yake alikuwa ameshika kompyuta, si nyundo.

"Umenitilia mchanga kitumbua changu, kaka! Nani alikutuma?"

Baba yao, seremala aliyejulikana mtaa mzima kama Mzee Randa, alikuwa ametoka kumaliza kabati lake la mwisho. Mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka, na alishatangaza kwamba baada ya hilo anafunga karakana. Binti akaapa kazi hiyo haitapita hivi hivi. Kwa kuwa mzee hakutaka kamera puani, aliifunga juu, kwenye kona, ipige picha moja kila baada ya muda mfupi, ili mwishoni kazi ya siku nyingi itazamwe kwa dakika chache.

Njia zilikuwa mbili. Kamera ingeweza kuziunganisha picha yenyewe na kutoa video ndogo, tayari kutazamwa. Au ingehifadhi kila picha peke yake kwa ukubwa wake wote, kadi zibadilishwe kila zinapojaa, kisha aziunganishe mwenyewe. Alichagua ile yenye jasho kwa sababu picha kubwa unaweza kuikata baadaye, ukachukua kipande kidogo na bado kikawa safi. Kipande alichokitaka ni mikono ya baba.

Akaitwa kazini mji mwingine. Akamwachia kaka kamera na kadi, akamweleza mpaka sauti ikamkauka. Aliporudi, kabati lilishachukuliwa na mteja, na kilichobaki ni video moja, ndogo. Kuitazama hivyo ilipendeza. Alipovuta karibu, mikono ikageuka uji.

"Kadi zilikuwa zinajaa kila mara," kaka alisema, macho kwenye viatu. "Si video ipo? Si anaonekana?"

"Kinaonekana nini? Mgongo!"

Kutojua si kosa. Kosa ni kutojua halafu ukawa na vidole vyepesi, na Fundi Picha alimwambia hivyo, tena kwa sauti ya kufika kwa majirani.

"Mwache kaka yako," Mzee Randa alisema kutoka kwenye benchi lake. "Mimi ndiye niliyemtuma."

"Baba!"

"Alinieleza unachotaka kukata na kukuza. Nikamwambia abadilishe, kamera itoe video ndogo."

"Lakini baba, hiyo ndiyo mikono iliyotulea! Unaificha ya nini?"

"Na wewe, kwa nini hukuniuliza?" Mzee naye alikuwa amewaka. "Kaka yako ulimweleza. Kamera uliipima. Mwenye mikono, kimya! Kuna siku msumari ulinishinda, nikaweka nyundo chini nikalia kama mtoto. Hilo ndilo ulilotaka watu waletewe karibu?"

Hasira ilikuwa bado imemjaa Fundi Picha kifuani, ila haikuwa na pa kwenda. Akaianzisha video upya. Kabati linakua, linakua, kisha katikati linasimama. Mwanzoni alidhani kamera ilikwama. Sasa akamwona baba, mdogo upande wa chini wa picha, amekaa, ameinama.

Akapeleka kidole akuze. Baba alikuwa anamtazama. Akakirudisha.