Tone la Kumi na Mbili

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu nikianza sitaki kukatizwa. Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinipata mwenyewe hapa hapa Mbooni, miaka ya sabini, na mimi ni mtu wa kanisa, siwezi kukudanganya.

Marehemu mume wangu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja kule Kibwezi. Mzungu alipofunga virago kurudi kwao, akamwachia tausi wawili, dume na jike. Nilipomzika mume wangu, hao ndio walionibakia. Yule dume akilia asubuhi, nilijiambia Baba Ndunge bado yuko nyumbani. Sasa wewe niambie, ndege kama hao ungewaacha wafe?

Mwaka huo ukaingia ule ugonjwa wa kuku kupinda shingo na kunya kijani. Niliwanywesha maji ya shubiri na pilipili, wapi! Siku tausi dume aliposhindwa kusimama, nikateremka mbio hadi Kikima, ofisi ya mifugo. Afisa akanicheka.

"Mama, sisi tunatibu ng'ombe. Tausi ni wa kuangalia tu!"

Akasema labda Alhamisi atapita. Nilipanda mlima nikilia kwa hasira.

Jua lilikuwa linazama nilipofika. Mtu alikuwa amesimama kando ya kibanda cha kuku, koti jeupe, chupa ndogo mkononi. Nikadhani ofisi imenihurumia. "Karibu, daktari," nikasema, tena kwa furaha.

Kuna jambo lingenishtua, lakini shida hupumbaza mtu. Kuku hawakumkimbia. Si unawajua kuku wa kienyeji? Hawa walijipanga miguuni pake kimya kabisa, hata wagonjwa wakijikokota.

"Wako wangapi?" akauliza.

Hapo ndipo nilipokosea. Sisi Wakamba hatupendi kutaja hesabu ya mifugo wala ya watoto, tunaogopa kuita balaa. Mama mkwe alinifunza kwamba nikibanwa, niongeze mmoja. Ndege wangu walikuwa kumi na mmoja, pamoja na tausi.

"Kumi na wawili, daktari."

Akaanza kuwatia dawa, tone moja moja, jicho la kushoto. Ndege anapepesa, anasimama wima. Tausi dume aliponyanyuka akatikisa mkia, woi, nilimshukuru Mungu kwa sauti!

Wakaisha. Yeye akabaki ameinamisha chupa, tone limening'inia, halianguki.

"Wa kumi na mbili yuko wapi?"

"Samahani, daktari, nilikosea. Ni kumi na mmoja."

"Ulisema kumi na wawili."

Hakukasirika hata kidogo. Alinitazama tu, na niamini, hakupepesa kope. Kigozi chembamba kilitoka pembeni ya jicho, kikalifunika, kikarudi. Umewahi kumwangalia kuku karibu? Basi hivyo hivyo.

Nilitaka kukimbia, na badala yake nikajikuta natembea kwenda kwake, kimya, kama wale kuku. Niliogopa hadi nikajikojolea, sioni haya kusema. Akanishika kidevu kwa vidole vya baridi, akaniinua uso. Tone likaanguka.

"Sasa wametimia," akasema.

Nilipofungua macho, giza tupu. Nikapapasa ukuta mpaka mlangoni, nikalala nikimwita Yesu. Asubuhi niliona vizuri, na ndege wote walikuwa wazima.

Alhamisi afisa akaja kweli. Akaapa hakumtuma mtu. Akawatazama ndege wangu, akanitazama mimi, akaondoka bila kunywa chai.

Tangu siku hiyo, jua likizama sioni kitu, kama kuku. Taa, mbalamwezi, moto wa jikoni, vyote kwangu ni giza. Hospitali wanasema macho yangu hayana ugonjwa wowote. Binti yangu Ndunge alijifungua usiku, nikawekewa mjukuu mikononi, akalia weee, na uso wake sikuuona mpaka kulipokucha.

Kwa hivyo nisikilize vizuri. Mgeni akija kuwatibu ndege wako, akauliza idadi, sema ukweli au nyamaza kabisa. Usiongeze hata mmoja. Huyo unayemwongeza, atatafutwa.