Pijo ya Aden na Subaru ya Uzair

Aden aliuza nguo mjini Kisii kwa miaka mingi, lakini watu walimjua kwa Pijo yake 504, nyeupe, yenye taa zilizoinama kama macho ya mtu anayelengwalengwa na machozi. Aliirithi kwa babake. Usukani wake ulikuwa mzito, na mlimani ilipumua kama ng'ombe anayepanda kutoka mtoni. Ilimlazimu dereva kuitazama barabara, kwa kuwa haikuwa na chochote cha kumfanyia kazi hiyo.

Subaru ya Uzair, mwana wa kakake, ilikuwa kitu kingine. Ilikuwa ya buluu, imeshushwa hadi tumbo likakaribia lami, na mlio wake uliwaamsha watoto mtaa mzima. Aden aliiendesha mara moja tu, akamrudishia Uzair ufunguo. Gari halikuwa na kasoro. Kilichomtisha ni kwamba kwa dakika chache alisahau kuwa mtu hufa.

Farhiya, bintiye wa pekee, alipoolewa Nyamira, swali likawa moja: bibi harusi atapanda gari lipi?

"Ami, hiyo Pijo itamfikisha akiwa nyanya," Uzair alisema, ua mzima ukaangua kicheko.

"Na yako itamfikisha wapi?"

"Kwa mumewe, kabla pilau haijapoa!"

Farhiya naye akacheka ndani ya shela. "Baba, leo tu."

Aden alijua jibu lililo sawa. Aliogopa kuonekana mzee mbele ya wageni, akanyamaza. Huo nao ulikuwa uamuzi, tena mbaya. Uzair akamketisha Farhiya kiti cha mbele, ili aonekane.

Mvua ya alasiri ilikuwa imekatika, ukungu ukashuka kutoka vilima vya Manga. Subaru ikatangulia, ikapotea. Aden akafuata kwa gia ya pili.

Kwenye mteremko akayaona matawi. Yalikuwa yamekatwa na kupangwa juu ya lami, kama afanyavyo dereva aliyeharibikiwa na gari ili kuwaonya wanaokuja. Yalikuwa yamesagwa na magurudumu, utomvu ungali mbichi. Uzair pia aliyaona. Alisema baadaye kwamba alidhani ni nyasi za ng'ombe zilizodondoka kwenye bodaboda, kama zinavyodondoka huku kila siku. Kwa mwendo ule, asingeweza kutofautisha.

Aden akasimamisha gari, akakimbia. Kwenye kona palikuwa na lori la ndizi lililoharibika, na Subaru imeingia chini yake, upande wa abiria. Uzair alikuwa ameketi kwenye majani kando ya barabara.

"Ami, nilikanyaga breki. Zilishika, wallahi zilishika."

"Farhiya yuko wapi?"

Aden akaliita jina la bintiye, akaliita tena, akielekea garini. Mwanamke mmoja aliyekuja na lori, leso yake ameshaivua kumfunika msichana, akamzuia kifuani kwa mikono miwili.

"Usisongee, baba. Usiangalie."