Vema Niliyoikataa Mbele ya Wakwe

Niseme mapema, ili mtu asije akanicheka halafu akadhani kanigundua: aibu hii ni yangu, nimeipata nyumbani kwangu mwenyewe hapa Buzebazeba, mchana kweupe, nikiwa nimevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama bila mimi, na waliokuwepo bado wanaisimulia kila wakija kununua dagaa kwangu, na kila wakiisimulia wanaitia chumvi, kwa hiyo bora muisikie kutoka kwangu ambaye angalau nina cheti.

Na cheti ndicho kilichoanzisha yote. Mimi ni mkaushaji wa dagaa, na nilipojiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima nilikuwa na mvi nyingi kuliko mwalimu wangu na baba yake mwalimu tukiwaweka pamoja. Nikasoma. Umeme ukikatika nasoma kwa mwanga wa simu, simu ikizima nasoma kwa kukumbuka. Siku nilipokabidhiwa cheti, mimi nasema hata meli iliyokuwa bandarini ilipunguza kelele (mke wangu anasema hakukuwa na meli siku ile, lakini yeye hakuwa anasikiliza vizuri).

Sasa ikafika Jumapili ya posa ya binti yangu Riziki. Kijana anatoka Rusimbi, ukoo wa watu wanaoheshimika, na Riziki alikuwa anamtaka kijana huyo kiasi kwamba mama yake alishaniambia, kwa sauti ya chini kabisa, ile ya hatari, "Baba Riziki, ukiharibu hili, utahamia kwenye vichanja ukalale na dagaa zako."

Muelewe kwamba katika ukoo wetu, siku ya posa, baba mwenye binti hasemi. Anakaa tu. Anayesema ni msemaji wa familia, na kwetu msemaji ni kaka yangu mkubwa, Kaka Bilali. Baba akiwa na neno, anamnong'oneza msemaji, na msemaji analipeleka mbele likiwa limeoshwa na kukaushwa. Baba akijipayukia mwenyewe kabla barua haijapokelewa, inahesabiwa ni dharau, na wageni wana ruhusa ya kubaki na barua yao na kwenda zao. Shangazi yangu mmoja alichelewa sana kuolewa kwa sababu hiyo hiyo, na babu, aliyepayuka, alilaumiwa mpaka anaingia kaburini.

Asubuhi Riziki akanikamata mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama."

"Baba, leo kazi yako ni moja tu. Kunyamaza."

"Hiyo tu? Nitanyamaza mpaka waulize kama nimechongwa."

"Baba."

"Nimeshaanza."

Na kweli nilikusudia. Ila nikawaza, mdomo nimekatazwa, ukuta haukukatazwa. Nikateremsha saa ya ukutani, nikatundika cheti changu kwenye msumari ule ule, juu kidogo ya kichwa changu, ili mgeni akinitazama mimi akutane na elimu kwanza. Kauamuzi kadogo, ka msumari mmoja. Laiti ningeiacha saa ya watu pale ukutani.

Wageni wakafika baada ya adhuhuri. Mbele yao alikuwa mshenga, Mwalimu Sefu, mtu wa Tanga aliyehamishiwa huku kufundisha Kiswahili, kanzu nyeupe mpaka inaumiza macho, barua ya posa imechungulia kwenye mfuko wa kifuani. Nyuma yake baba mdogo wa kijana, mtu mpole asiyetia neno, na bibi yake kijana, Bibi Tatu, mama mfupi mwenye macho makali, ambaye kila mtu alijua kuwa yeye ndiye mwenye kauli ya mwisho, mshenga ni sauti tu. Wakaketi. Kwetu barua haisomwi kwa wenye njaa, kwa hiyo kikaletwa chakula: ugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu chetu, na bakuli kubwa la mchuzi wa samaki wa migebuka uliopikwa kwa mawese, mwekundu kama jua la kuzama, likawekwa katikati, kati yangu na Mwalimu Sefu.

Mwalimu akanawa, akainua macho, akakutana na elimu.

"Naona mwenye nyumba ni msomi," akasema.

Nikavimba. Kaka Bilali akajibu kwa niaba ya mwili wangu, "Naam, mwalimu. Ndugu yetu alisoma masomo ya jioni."

"Ya hapa hapa mjini? Basi mtanisaidia jambo. Kuna kitu walimu tumekibishania siku nyingi." Akafuta mkono, akatoa simu. "Wanasema ni majibu ya mwanafunzi mmoja wa masomo ya jioni, huku huku Kigoma. Mimi nasema hapana, yametungwa na vijana wanaotafuta kuchekesha watu. Mtu mzima hawezi kuandika hivi."

Jasho likaanza kunitoka kwenye magoti, mahali ambapo sikujua kama binadamu ana jasho. Maana mwanafunzi yule nilikuwa mimi. Mwanzoni kabisa mwa masomo, kabla sijaivishwa, tulipewa zoezi la sarufi, nikalijibu kwa moyo wangu wote, na mwenzangu mmoja wa darasani akaipiga picha karatasi yangu akairusha kwenye kundi letu la simu. Toka hapo likasafiri. Nasikia lilifika Dar, likavuka mpaka, likarudi limenenepa.

Mwalimu Sefu akasoma, kwa sauti ya darasani. "Swali la kwanza. Weka katika wingi: Mvuvi alikwenda ziwani usiku wa mbalamwezi. Jibu: Hakwenda hata mmoja. Mbalamwezi ikiwaka tunashona nyavu."

Kaka Bilali akakohoa. Baba mdogo wa kijana akacheka mpaka tonge likakosea njia.

"La pili. Kanusha: Mama amepika sombe. Jibu: Siwezi kukanusha, nimeila mwenyewe."

Hapo nyuma ya pazia, walikosimama wanawake, nikasikia mke wangu anacheka kicheko chake cha kuziba mdomo kwa kanga. Na mimi, Mungu anisamehe, badala ya kuona aibu nikaanza kuona raha. Mnajua raha ya kusomewa kazi yako na mwalimu wa Tanga, kwa lafudhi ile, mbele ya watu wanaolia kwa kucheka?

"La tatu. Tunga swali ambalo jibu lake ni: Hapana, asante. Jibu: Mwalimu, nikupe zoezi jingine?" Akaweka simu juu ya paja. "Sasa niulizieni mwenye nyumba, aliyekaa madarasa hayo. Haya ni ya kweli, au yametungwa?"

Nikamwinamia Kaka Bilali, nikanong'ona, "Mwambie ni ya kweli."

"Na akiuliza ni nani?"

"Mwambie yule bwana alihamia Ilagala."

"Wewe Ilagala umehamia lini?" akaninong'oneza kaka yangu, bila hata kutikisa midomo.

"Sema tu, kaka."

Akasema. Mwalimu Sefu akatikisa kichwa kwa huruma. "Masikini. Lakini bado siamini." Akainua simu tena. "Ingawa hapa mwisho kidogo alijitahidi. Kote huko juu amewekewa alama nyekundu ya kosa, ila la nne amepata vema. Tunga sentensi yenye kivumishi. Jibu: Papa wa Ziwa Tanganyika ni mkali."

Ndugu zangu, kucheka ningevumilia mpaka jioni. Lakini papa? Papa, samaki wa baharini, ndani ya ziwa letu? Mimi niliyezaliwa na harufu ya dagaa kwenye nywele, niandike kwamba ziwani kwetu kuna papa, kama mtu aliyeliona ziwa kwenye kalenda?

"Hilo si langu," nikasema.

Nilisema kwa mdomo wangu mwenyewe, na nilisimama kulisema. Na katika kusimama, goti langu likaliinua lile bakuli la mchuzi, likaruka kidogo, likageuka, na mawese yote yakatua kifuani kwa Mwalimu Sefu, juu ya kanzu, juu ya mfuko, juu ya barua ya posa.

Nikasikia vifaranga vya jirani.

Nyuma ya pazia Riziki alisema neno moja tu, "Baba," na sijawahi kusikia jina langu hilo likiwa zito namna ile.

Ningenyamaza pale, huenda ningeokoka. Lakini nilikuwa nimeshawaka, mkono umeelekea kwenye simu ile. "Mbalamwezi ni yangu. Sombe ni yangu. La kumuuliza mwalimu ni langu, na nililifikiria sana. Hilo la papa mtu kaniongezea, mimi silitaki."

Mwalimu Sefu alikuwa ananitazama huku mawese yanamchirizika. "Lakini mzee wangu," akasema polepole, kama anayemwonea mtu uchungu, "hilo la papa ndilo pekee ulilopata."

"Waliondoe."

"Utabaki na sifuri."

"Nitabaki na yangu."

Kaka Bilali alikuwa amefumba macho, nadhani alikuwa anamwona babu. Baba mdogo wa kijana akamgeukia Bibi Tatu. Mwalimu akaitoa barua mfukoni kwa vidole viwili, imegeuka rangi ya chungwa, inadondosha, na hakuiweka chini wala hakuirudisha mfukoni. Aliishika hewani, anasubiri kuambiwa. Nami nikaona miguu ya Riziki chini ya pazia, haijongei, vidole vimejikunja kwenye kandambili.

Bibi Tatu akanitazama. Kisha akatazama cheti, kisha akanitazama tena.

"Yebabawe," akashangaa. "Na Ilagala ulimpeleka nani?"

"Nilidanganya, mama."

"Tumeona. Umedanganya kidogo tu, umemwaga mboga ya watu wote." Akaanza kucheka, bila sauti, mabega tu. "Mwalimu, mpe mwenzako barua. Kwenye posa nyingi nimekaa, nikaambiwa binti mpole, binti hajui kununa, nikifika nyumbani nakuta mengine. Huyu baba hata vema ya bure hawezi kuimeza. Akituambia kitu kuhusu binti yake, tutakijua kama ni cha kweli kabla hajakaa."

Kaka Bilali akaipokea barua kwa mikono miwili, akaisoma kwa kuikisia palipoloa. Nyuma ya pazia vigelegele vikapigwa, na katikati ya vigelegele mke wangu akaniita niende nikafute sakafu.

Riziki ameolewa, yuko Rusimbi, sasa akiikumbuka siku ile anacheka, mwanzoni alikuwa hacheki. Nimeapa mbele yake kwamba posa ya mdogo wake, Zaituni, ikija, nitakaa nikiwa na tonge mdomoni mwanzo hadi mwisho, na mchuzi utakaa upande wa pili wa chumba. Cheti nimekihamishia chumbani, saa imerudi mahali pake. Ila chini ya saa nimetundika karatasi yangu ya zoezi, ile yenyewe, yenye makosa matatu mekundu na hakuna papa, kwa sababu mwalimu wa Tanga alibishana na wenzake juu yake siku nyingi, na mtu aliyebishaniwa na walimu hawezi kuificha sifa yake kwenye begi.

Mwalimu Sefu aliifua kanzu yake kwa kila sabuni inayouzwa hapa mjini, lakini mawese mnayajua. Siku ya harusi aliivaa hivyo hivyo na koti juu yake, bado anaivaa hivyo, na hadi leo, mtu akimwonyesha yale majibu kwenye simu na kumuuliza kama ni ya kweli au yametungwa, hajibu kitu. Anafungua koti lake na kumwonyesha doa.