Namba Zilizokuja na Gari

Aketch anaamini kwamba kama hakuna kizuizi barabarani, na hakuna mtu aliyenyoosha mkono dirishani, basi njia ni ya bure. Kwa mwaka mzima na zaidi amekuwa akitoka hapa kwetu Oxon Hill, Maryland, kabla ya jua, anavuka daraja, anaingia Virginia, na akifika Springfield anajitosa kwenye zile leni za kulipia kana kwamba zilijengwa na babake. Siku moja nikamwuliza, "Wee Aketch, hizo leni unazilipiaje?"

"Kwani nani ameniuliza pesa?" akasema, na akaendelea kukata sukuma wiki.

Aki nilichoka. Mimi Nkatha nina mdomo, sikatai, na jioni hiyo niliutumia wote. Aketch anamtunza mama mmoja mzee kule Fairfax, mama asiyeweza hata kujigeuza kitandani, na muuguzi wa usiku huondoka saa kumi na mbili asubuhi, Aketch awe amefika au hajafika. Ameshachelewa mara mbili. Mkubwa wake alimwambia akichelewa tena asijisumbue kurudi. Bila zile leni za haraka hawezi kufika kwa wakati, na kumbe hajawahi hata kujiandikisha kuzitumia! Kamera zinampiga picha kila siku, yeye anaimba tu mapambio ndani ya gari.

"Lete simu," nikamwambia. "Leo utafungua akaunti kama watu wengine."

Jumamosi hiyo tukaketi mezani, mimi naandika, yeye ananisimamia begani. Jina likaingia. Anwani ikaingia. Kadi ya benki ikakubali. Tukafika pahali pa namba ya gari, nikaandika, ikakataa. Nikaandika tena polepole, Aketch akinisomea kutoka dirishani maana gari lilikuwa chini uani. Jibu likaja wazi kabisa: gari hili liko tayari kwenye akaunti ya mtu mwingine.

"Mwizi!" nikapiga kelele. "Aketch, umeibiwa gari na bado uko nalo!"

"Yawa, mimi nimefanya nini tena?"

Nikapiga simu ya huduma kwa hasira zangu zote. Akashika kijana mmoja mpole. Nikamweleza habari za wezi wa mtandao, nikamtaka aniambie jina la huyo mtu sasa hivi, na yeye akanisikiliza mpaka pumzi ikaniishia. Jina hangeweza kulitaja, akasema, lakini alikuwa na swali moja. Je, gari lilinunuliwa likiwa na namba hizo?

Nikamgeukia Aketch. "Hivi vibao vya namba ulivitoa wapi?"

"Namba hutolewa wapi kwani? Zilikuja na gari."

Yule kijana akaeleza taratibu kwamba huku Maryland namba ni za mtu, si za gari. Ukiuza gari unafungua vibao vyako unaenda navyo, na mnunuzi anaenda ofisi ya magari kutafuta vyake. Nikashika kichwa. Miaka yote hii sikuwa najua, kwa sababu langu nililinunua kwa kampuni ya kuuza magari, wakanifanyia kila kitu. Kwetu Kenya gari likipewa namba huzeeka nayo, hata liuzwe mara ngapi. Nani angekumbuka kuja na bisibisi?

Na lile gari Aketch alilinunua kwa Shiku, ambaye sote tunamwita Mama Wayne. Lilikuwa la mumewe, Njuguna, aliyeanguka ghafla akafariki. Baada ya mazishi Mama Wayne alihamia nyumba ndogo Greenbelt, akaliuza. Waliuziana baada ya ibada, hapo hapo nje ya kanisa: funguo, karatasi, maombi mafupi, wakakumbatiana. Kumbe muda wote huu Aketch amekuwa akiendesha kwa namba za marehemu, na mjane wa watu ndiye anamlipia barabara.

Aketch akakaa chini sakafuni. "Nkatha, nitamwangalia vipi yule mama?"

"Utamwangalia kwa macho. Vaa viatu."

Tukaenda Greenbelt mchana huo huo, kwa gari langu, maana lile lake sikutaka hata kuliegemea. Mama Wayne akafurahi kutuona, akateleka chai. Kabla haijachemka Aketch alikuwa ameshaanza kulia.

"Mama Wayne, nisamehe. Haki sikujua. Nitakurudishia kila kitu."

"Unirudishie nini? Mimi nilijua."

"Ulijua?" Sijui ni mimi nilisema au ni yeye.

"Tangu wiki ya kwanza." Akavuta kiti akaketi. Akatuambia kwamba kila mara lile gari linapopita Springfield, simu yake, ambayo ndiyo iko kwenye akaunti ya Njuguna, hulia na kuandika: gari lako limepita. Njuguna alikuwa akifanya kazi upande huo huo, na alikuwa akipita saa hiyo hiyo. "Simu ikilia najigeuza kitandani, nasema, haya, Baba Wayne ameenda kazini. Nalala tena kidogo. Halafu naamka napika chai."

Ngai! Nikamkodolea macho. Aketch alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Msiniangalie hivyo," Mama Wayne akasema. "Sijashikwa na wazimu. Nilimvalisha suti kwa mikono hii. Najua aliko."

Ikabidi mimi niseme, maana Aketch hangeweza. Nikamwambia vibao lazima vitoke. Polisi wakimsimamisha, gari linachukuliwa, na kazi inaenda nalo.

"Vitoke," akasema. "Mtoto wa watu asifukuzwe kazi kwa sababu yangu." Akainuka, akatumiminia chai, akatuuliza habari za kwaya.

Jumatatu Aketch hafanyi kazi, kwa hivyo tukaimaliza siku hiyo. Ofisi ya magari ikampa vibao vipya, akaunti ikakubali, na jioni tukabandika kile kidude chao cheupe cha kulipia leni kwenye kioo cha mbele. Nikamwambia sasa amekuwa dereva, si mtoro.

Jumanne asubuhi akanipigia akiwa ameshaegesha Fairfax, anapiga kelele za furaha.

"Nkatha! Nimefika mapema! Na simu imelia, imeniandikia gari lako limepita! Langu!"

Nikamcheka, nikamwambia aende akafanye kazi. Sijaweka simu chini, ikaita tena. Alikuwa Mama Wayne.

"Nkatha, simu haijalia."

"Mama Wayne, si tulikuambia..."

"Mliniambia. Najua mliniambia." Nikasikia anavuta pumzi. "Nkatha, leo hajapita. Njuguna hajaenda kazini." Halafu akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Njuguna amekufa."

Akapiga nduru. Nilitoka na nguo ya kulala chini ya koti, sijui hata kama nilifunga mlango. Njia nzima nilikuwa nimemwacha kwenye simu, analia, na mimi namwambia nakuja, nakuja, kwa sababu sikuwa na neno lingine.

Nilipofika Greenbelt majirani wawili, Wazungu, walikuwa wamesimama nje ya mlango wake wamechanganyikiwa. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani amefariki, na lini.

"Mume wake," nikasema. "Leo asubuhi."