Ruhusa ya Picha ya Michembe

Naikumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, katika kijiji kilicho karibu na mgodi, upande wa Geita. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina ajira, na nilikuwa natengeneza kitabu cha picha cha watoto wa shule, cha kuonyesha watu wa kijiji kile na vyakula vyao. Mkutano wa kijiji ulikuwa umekikubali, na picha za watu wakiwa kazini nilikuwa nimeshazipiga. Lakini mimi nilikuwa mtu wa kuwaza mno, na mikono iliyonyooshwa mkutanoni haikunitosha. Nilitaka ruhusa ya maandishi ya kila atakayeonekana.

Wazo lilikuwa jema. Hofu yangu ndiyo iliyoliharibu. Niliogopa kuchanganya fomu na sura za watu. Basi nikaandika namba kwenye karatasi kubwa, nikawa namsimamisha mtu mbele ya nyumba yake, anashika namba, nampiga picha, kisha anatia saini au dole gumba.

Wewe uliyekulia huku najua umeshacheka. Hivyo ndivyo wathamini wa fidia wanavyofanya eneo linapotakiwa na mgodi: picha mbele ya nyumba, namba mkononi, dole gumba, halafu unasubiri kuambiwa uhame. Sikwenda mbali, habari ikazagaa. Wanaume wakarudi kutoka mashambani.

"Mthamini gani huyu wa kandambili?" mmoja alipaza sauti. "Mgodi umefilisika?"

Watu walicheka, ila hakuna aliyegusa tena karatasi zangu.

Aliyenivuta pembeni ni Mama Kulwa, mama wa makamo. Picha yake akianika michembe, vile vipande vya viazi vitamu, juu ya jiwe, huku mjukuu wake akiiba kimoja, ndiyo niliyoitaka kwenye jalada.

"Mwanangu, wewe hujatuomba ruhusa," aliniambia. "Umetuandikisha. Na sisi tumeandikishwa sana. Nenda kapumzike, kesho uje kama mgeni."

Nusura nipande basi nirudi kwetu Samuye. Nikakataa kushindwa namna ile. Kesho yake niliziacha namba, nikapita nyumba kwa nyumba na zile picha zangu za kitabu kwenye kamera. "Mwangaluka," nilisalimia kwa Kisukuma, nikakaa. Nilimwonyesha kila mtu picha yake, nikamweleza kitabu kitasomwa wapi na nani, na kwamba anaweza kukataa, hata kubadili mawazo kabla hakijachapwa. Saini ilikuja mwisho kabisa. Wengi walikubali. Mzee mmoja alidai apigwe upya, safari hii akiwa na koti.

Mama Kulwa alikubali kwa upande wake. "Ila mtoto ni wa Doto, binti yangu. Yuko Ushirombo anauza vitenge. Mngoje."

Mchapaji alikuwa ananisumbua kwa simu, nami nikamngoja Doto. Alipofika aliitazama ile picha kwa muda mrefu, akatabasamu.

"Nzuri kweli, dada. Lakini mwanangu asitokee."

"Labda nikueleze kitabu kita..."

"Nimeelewa. Sitaki tu."

Kichwa changu kikaanza kutunga sababu na maneno ya kumbembeleza. Nikayameza yote. Niliifuta picha ile mbele ya macho yake, nikarudi kwa Mama Kulwa na kamera. Jalada likatoka na mikono yake peke yake, imejaa michembe. Doto mwenyewe aliomba nakala.

Basi mwanangu, ukitaka sura ya mtu, mwendee kwake, ukae, umweleze mpaka aelewe, ndipo utoe karatasi. Ya mtoto, muulize mzazi wake, hata akiwa mbali. Na anayekataa usimdai sababu. Futa, mshukuru, endelea na kazi. Usikate tamaa, wala usiogope kurudi ulikozomewa.

Mungu akupe miguu ya kurudi, na kwenye kila mlango utakaobisha akupokee mtu mwenye moyo mkunjufu.