Kioo cha Jeneza na Filta ya Kuzuia Mng'ao

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatatu, nilipita mlango wa nyuma wa studio ya picha iliyokuwa jirani na soko la Tukuyu, na Mwenye Studio akanikabidhi ndoo badala ya kamera.

"Picha zinaanzia kwenye maji," alisema. "Chota."

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Vitu tulivyokuwa tukiviona magazetini tu vilikuwa vinashuka kwenye mabasi kutoka Dar es Salaam, vingi vikiwa vimekwisha tumika. Mimi nilikuwa na elimu ya darasa la saba, kamusi ya Kiingereza na daftari. Mengine yote niliyajua kwa kuuliza na kuharibu.

Nilianzia chumba cha giza, mahali pa kusafishia mikanda ya filamu. Maji ya Tukuyu ni ya baridi, na dawa ya kusafishia inataka joto la nyuzi ishirini, kwa hiyo nilipasha maji kwenye jiko la mkaa na kuyapima kabla ya kila mkanda. Baadaye nilihamishiwa banda letu la Kiwira, kuwapiga wachimbaji wa makaa ya mawe picha za vitambulisho. Nikarudishwa Tukuyu kuwa fundi mkuu. Cheo kilikuwa kikubwa kuliko mshahara.

Anayepiga picha katika wilaya yetu ya Rungwe anapambana na mng'ao. Mvua ikikatika, majani ya migomba na ya chai huakisi anga, na kwenye picha yanatoka meupe kama yamepakwa chokaa. Dawa yake ni filta ya kuzuia mng'ao: kioo cha kijivu ndani ya pete mbili, moja inafungwa kwenye lenzi na nyingine inazunguka. Mwanga uliodunda juu ya jani, maji au kioo hutikisika zaidi kwa upande mmoja, na filta ikizungushwa vizuri huuzuia huo, ikauacha ule unaotoka kwenye kitu chenyewe. Kwenye bati tupu haisaidii. Nilikuwa nayo moja, niliyouziwa na mwalimu aliyekuwa akihama. Niliikwaruza alama kwenye pete ili nijue kila mara nimeizungusha wapi, nikiisoma kama mshale wa saa.

Siku moja Mwenye Studio alirudi kutoka Dar na kamera mpya kwetu, ingawa ilikwisha tumiwa na watu wengine. Haikuwa na kijitabu cha maelekezo.

"Hii inafikiri yenyewe," aliniambia. "Wewe kazi yako kubonyeza. Ile ya zamani yenye kisindano cha kupimia mwanga iweke kabatini ipumzike."

Filta yangu iliingia kwenye lenzi ya kamera hiyo bila shida. Hapo ndipo nilipokosea. Niliona inaingia, nikadhani inafaa.

Wiki ya pili nilikuwa kiwanda cha chai. Nilipiga wafanyakazi ishirini na wanne kwa flashi, kila mmoja picha moja ya kitambulisho. Kabla sijafunga mkoba, mtu wa baiskeli akafika kutoka Kinyala. Mzee Ambakisye, mkulima wa migomba, alikuwa anazikwa mchana huo, na mkewe, Bi Tusekile, alimtaka mpiga picha. Nikaenda na kamera ile ile na mkanda ule ule.

Mwili ulikuwa umekaa siku tatu ukimsubiri Lugano, mtoto wao wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi Botswana. Simu ya maandishi ilikuwa imepelekwa, jibu halijaja. Jeneza lilikwisha pigiliwa misumari, na wazee wa ukoo hawakutaka lifunguliwe tena. Kilichobaki ni kile kidirisha cha kioo juu ya uso.

"Tata," Bi Tusekile aliniambia kwa heshima, "Lugano atakuja akute udongo. Nataka amwone baba yake."

Nilitazama. Kwenye kioo kulikuwa na wingu zima la Rungwe na matawi ya mparachichi, uso hauonekani. Flashi ingeongeza doa jeupe. Nikafunga filta, nikasimama kwa mshazari, maana ukisimama wima juu ya kioo filta haifanyi kazi, nikaanza kuizungusha polepole.

Shemeji wa marehemu, aliyekuwa akimtania maisha yao yote, alisema kwa sauti, "Mvumilie, fundi. Huyo hata akiwa hai alikuwa hatulii kwenye picha."

Watu wakacheka, na wengine wakaanza kulia upya. Alama ya pete ilipofika kwenye saa mbili, wingu likafutika na uso ukatokea. Nikampa Bi Tusekile kamera aangalie.

"Ndiye," alisema. "Hivyo hivyo. Usimpunguze wala usimwongeze."

Nikafuata namba za kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera, nikapiga nne.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nafuta filta dirishani, ikiwa bado kwenye kamera, nimeielekeza ukuta wa jirani uliopakwa chokaa. Nikaizungusha, na namba za kipima mwanga zikabadilika. Ukuta ni ule ule, kivuli hakuna. Nikazungusha tena, zikabadilika tena. Nikaitoa kamera ya zamani kabatini, nikaifunga filta ile ile. Kisindano hakikusogea.

Nilielewa taratibu. Kamera mpya hupima mwanga kupitia kioo kinachopitisha nusu na kuakisi nusu. Kioo cha namna hiyo nacho huchagua upande wa mwanga, kama filta yenyewe. Viwili hivyo vikifuatana, kipimo kinadanganyika. Nikaweka alama saa mbili, nikalinganisha kamera zote mbili. Mpya ilikuwa inaona mwanga zaidi ya uliopo, karibu hatua mbili, na kila hatua ni mwanga maradufu. Maana yake ni kwamba picha za Kinyala zilikuwa zimepata kama robo ya mwanga ziliouhitaji. Zikisafishwa kwa kawaida, uso wa Mzee Ambakisye ungetoka kizani.

Kwa bahati mkanda ulikuwa haujasafishwa. Ukiacha filamu ndani ya dawa muda mrefu zaidi, picha hafifu hupata nguvu. Lakini mkanda husafishwa mzima kwa pamoja, na dakika zile za ziada zingegeuza nyuso ishirini na nne za kiwanda kuwa nyeupe kama unga. Nikamwambia Mwenye Studio kwamba nataka kuukata.

"Gizani?"

"Gizani, mzee."

"Kwa mkasi? Fundi, we' mzima? Kiwanda kimeshatoa nusu ya malipo. Hao wa msiba wape kitakachotoka."

"Kitatoka giza. Mtu wa kiwanda nitampata kesho nimpige tena. Lugano hana siku nyingine."

Alivua kofia, akaipangusa, akaivaa. "Ukikata kichwa cha mtu wa kiwanda, ni mshahara wako."

"Ni wangu."

Nilichukua mkanda wa zamani uliopigwa kwa kamera hiyo, nikaukata baada ya picha ya ishirini na nne uwe kipimo. Kila picha inachukua matundu manane ya pembeni, na vidole vinaweza kuyahesabu. Lakini mkanda hauanzii mahali pale pale kila unapopakiwa. Unaweza kupishana kwa nusu picha. Kwa hiyo nilipofunga mlango na kuulaza mpya juu ya wa zamani, nilirudi nyuma matundu manne, upande wa kiwanda, nikakata. Kipande cha kwanza nilikisafisha dakika nane, cha pili kumi na nne.

Mkasi ulikuwa umepita kwenye pua ya karani wa kupima majani. Picha za Kinyala zilikuwa na chembechembe kama mchanga, lakini uso ulikuwepo, hadi kunyanzi za macho.

Lugano alifika siku ya tisa baada ya mazishi. Alikuja studio na mama yake, akaishika picha muda mrefu.

"Amenyolewa ndevu," alisema.

"Nilimnyoa mimi," Bi Tusekile akajibu.

"Alikuwa hataki kunyolewa."

"Safari hii hakubisha."

Lugano alicheka kidogo, akaiweka picha ndani ya hati yake ya kusafiria.

Sasa nimestaafu, na watu wananiuliza namna ya kuchagua filta kwa kamera za filamu wanazorithi. Ziko za aina mbili. Ya mstari inatosha kwa kamera ya zamani ya kisindano. Ya duara ina utando wa pili nyuma, unaouvuruga mwanga usikidanganye kipima mwanga. Ili kuzitofautisha, simama mbele ya kioo cha kujitazamia, upande wa filta unaofungwa kwenye lenzi uelekee kioo hicho, na uchungulie kupitia filta uione filta yenyewe kiooni. Ya duara itajionyesha nyeusi, na ukiigeuza inakuwa angavu. Ya mstari ni angavu pande zote. Kisha izungushe mbele ya ukuta mweupe. Namba zikicheza, pima kwanza bila filta, halafu ongeza mwanga hatua moja na nusu hadi mbili. Mimi nilifanya hivyo hadi nilipofunga kazi, kwa sababu Mwenye Studio hakukubali kamwe kununua ya duara.

Yule karani aliyekatwa pua nilimfuata kiwandani kesho yake baada ya kusafisha mkanda. "Fundi," aliniuliza, "pua yangu ilikukosea nini?" Nikampiga tena, na jioni nikaandika daftarini: nauli kwenda na kurudi, karatasi, sehemu ya mkanda mpya. Hasara yote, iliyokatwa kwenye mshahara wangu, shilingi mia tisa na hamsini.